Nguzo ya Tano

Mpaka leo sipendi mtu anisifie hesabu. Nikisikia sifa hizo, hata zikitoka kwa mwalimu mwenye miwani na viatu vya kung'aa, huinuka nikaenda zangu. Hesabu yetu ilikuwa sahihi. Nimeirudia maisha yangu yote, kwa vidole, kwa kokoto, na uzeeni kwa kalamu hii ninayoandikia, na kila mara inatoka vile vile. Ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyoninyang'anya mtoto.

Nianze na huyo mtoto, maana mengine yote tuliyafanya kwa ajili yake.

Binti yangu alizaliwa wakati wa Wadachi, yaani Wajerumani, reli ikiwa njiani kuja kwetu. Watu wa mashariki walikuwa wameshaliona gari moshi. Sisi tulikuwa tumeona vibarua tu, na askari, na punda wa kubeba mapipa. Tulikaa kwenye tembe la baba mkwe wangu, upande wa Nzuguni, mahali ambapo siku hizi watu wanaezeka bati na kujisifu. Mvua za mwaka ule hazikustahili kuitwa mvua. Uwele ulichipua, ukasimama kidogo, ukakauka ungali mfupi.

Kwetu mtoto mchanga hufungwa uzi wa shanga kiunoni. Wageni hudhani ni pambo. Pambo lipo, lakini kazi yake hasa ni kupima. Uzi ukibana, mama hufurahi na kuongeza shanga. Ukilegea, mama hunyamaza na wenzake huacha kumtania. Jirani yangu, ambaye tembe lake lilitazamana na letu, alijifungua binti mwezi ule ule niliojifungua mimi, na bibi aliyetuzalisha akawafunga watoto wote wawili siku moja. Wangu alienea shanga hamsini. Wa jirani, aliyekuja duniani na mashavu ya mtu aliyekwisha kula, alienea sitini. Shanga zilikuwa za aina moja, kutoka kwa mchuuzi mmoja. "Wako ni wa kuazima huyo," jirani alinitania, nami nikamjibu kwamba wake atakosa mlango wa kupitia. Tulicheka sana. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Kiangazi kilipokaza, maziwa yangu yalikatika. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakula mlenda na ugali mwembamba mara moja kwa siku, na mwili ukasema basi. Zizini kwa baba mkwe ng'ombe walikuwa wamebaki wachache, na mwenye maziwa alikuwa mmoja tu, jike jeusi lenye pembe iliyopinda. Binti yangu aliishi kwa ng'ombe huyo. Ng'ombe naye aliishi kwa kisima chetu, ambacho babu wa mume wangu alikichimba katika mchanga wa korongo. Kisima kilikuwa kimebaki matope.

Ikabidi kuchimba. Swali lilikuwa tuchimbe wapi, maana tulikuwa na njia mbili na nguvu za njia moja. Baba mdogo wa mume wangu alikuwa akikusanya watu wachimbe kisima kipya juu ya korongo, kwenye majabali, na alituita. Kwa desturi yetu aliyechimba ndiye anayenywesha mifugo. Asiyechimba hupewa maji ya kunywa binadamu, akashukuru. Njia ya pili ilikuwa kukiteremsha zaidi kisima chetu wenyewe. Kilikuwa karibu, mchanga wake tuliujua, na wazee walisema chini kabisa yako maji ambayo hayajawahi kukosekana. Mtu yeyote mwenye akili zake angechagua kisima chetu. Tatizo lilikuwa Mdachi.

Mdachi wa vipimo alikuja na darubini yake ya miguu mitatu, akasimika nguzo nne nyeupe katika nchi yetu bila kumuuliza mtu. Zilikuwa mpaka wa eneo la stesheni. Eneo lenyewe lilikuwa na pembe tano, kwa hiyo ilibaki nguzo moja, na kabla hajaisimika akaitwa magharibi kwenye kazi nyingine. Jumbe akatukusanya uwanjani kwake. Mkalimani, mtu wa pwani aliyekuwa akijipepea muda wote na kulaumu vumbi letu, akatuonyesha kwa vijiti. Alichomeka vijiti vitano ardhini akavizungushia uzi mweupe, likatokea umbo la pembe tano, refu upande mmoja na lililokatwa mshazari upande mwingine.

"Jamani, tazameni vizuri," alisema. "Bwana mkubwa amepima mwenyewe. Mnavyoliona hapa dogo, ndivyo litakavyokuwa kule kubwa. Kilicho ndani ya uzi ni mali ya reli: nyumba, shamba, kisima, vyote. Kilicho nje ni chenu."

"Na nguzo ya tano itakaa wapi?" mume wangu aliuliza.

"Utaiona ikishasimama."

"Nataka kuijua kabla haijasimama. Tuna kisima pale."

Mkalimani alicheka. "Basi subiri, kaka, kama wanavyosubiri wenzako."

Tungesubiri nini? Mtoto hasubiri. Kutoka nguzo ya nne Mdachi alikuwa amefyeka mkuza, njia nyembamba iliyonyooka, ili darubini yake ione mbali. Mkuza ule ulikata mbuga, ukafika korongoni kando kabisa ya kisima chetu, ukavuka, ukaendelea ng'ambo mpaka vichakani. Nguzo ya tano ingesimama mahali fulani kwenye mkuza huo. Hilo kila mtu aliliona. Ikisimama kabla ya kisima, kisima ni chetu. Ikisimama baada ya kisima, ni cha gari moshi.

Mume wangu alikaa misheni kabla ya kunioa, na pamoja na nyimbo alitoka huko na hesabu. Hata mimi kusoma alinifundisha yeye, kwa kijiti juu ya vumbi, na nilipokosea alikuwa anafuta kwa unyayo bila kusema neno. Siku ile watu walipotawanyika yeye hakuondoka. Alichuchumaa kwenye vijiti vya mkalimani akaanza kupima uzi kwa shibiri, mbele ya kila mtu, huku watu wa jumbe wakimuuliza kama amepotewa na sindano. Upande wa kutoka kijiti cha tatu hadi cha nne ulikuwa shibiri nane. Upande wa kutoka cha nne hadi cha tano ulikuwa shibiri sita.

Alirudi nyumbani amechangamka, macho yanang'aa. Akanichorea maumbo mawili vumbini, dogo na kubwa.

"Haya yana pembe zile zile," alisema. "Hili kubwa ni hili dogo lililokua, na limekua kwa kiasi kimoja pande zote. Haliwezi kukua sana huku na kidogo kule, maana litapinda, halitakuwa umbo lile tena. Sasa, nguzo ya tatu na ya nne zimeshasimama. Nikipima kati yake, nitajua nane imekuwa ngapi. Nikijua nane imekuwa ngapi, najua na sita imekuwa ngapi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nguzo ya tano naipata leo, Mdachi akiwa hukohuko aliko."

Nilimwamini. Niseme wazi, nilimpenda upya. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni, uzi wake umeanza kuteleza kutoka kiunoni kwenda nyongani, na mbele yangu alikuwa mtu anayeniambia kwamba jambo lisilojulikana linaweza kujulikana.

Kipimo chetu kilikuwa kamba ya ngozi ya ng'ombe, ndefu, ambayo baba mkwe aliitumia kuburuta magogo ya kujengea tembe. Baba mkwe alikuwa mtu wa utaratibu. Kwetu kamba ya ngozi haifanyiwi kazi ikiwa kavu, kwa sababu ikikauka hukakamaa na ukiivuta kwa nguvu inapasuka. Kila kazi ya kamba huanza kwa kuiloweka. Siku moja kabla ya kupima akamwambia mume wangu:

"Mwambie mkeo atoe maji ya kulowekea kamba."

Nilikuwa nimesimama pale pale, ningenyoosha mkono ningemgusa. Lakini mkwe hasemezwi hovyo, kwa hiyo nami nikamwambia mume wangu:

"Mwambie baba maji yaliyopo ni ya mtoto."

"Mwambie kamba ikikatika hatupimi kitu, na huyo mtoto atakunywa vumbi."

Mume wangu katikati yetu alikuwa anageuza shingo tu. Mwishowe nikatoa maji. Yalikuwa nusu kibuyu, ya rangi ya udongo, nikayamimina chunguni nimeuma meno. Kulipokucha chungu kilikuwa kikavu. Kamba ilikuwa imeyanywa yote, imejaa, imelainika, inateleza mkononi. Niliichukia kamba ile kama mtu anavyomchukia mtu.

Tulianza jua likiwa chini. Mume wangu alishika mbele, baba mkwe nyuma, mimi na mtoto mgongoni tukifuata, nikitia kokoto moja kikapuni kwa kila kamba. Waliivuta mpaka ikalia, isije ikalegea ikatudanganya. Kutoka nguzo ya tatu hadi ya nne kokoto zilifika arobaini barabara. Mume wangu alipiga makofi. Nane imekuwa arobaini, maana yake kila shibiri ni kamba tano, na sita basi ni thelathini. Hata mimi niliiona kabla hajaitamka.

Pale nguzoni wakatukuta askari na kundi la vibarua. Walitaka kujua tunaiba nini. Mume wangu alieleza, baba mkwe alieleza, askari mmoja akaichukua kamba akaigeuzageuza, akaitupa juu ya jiwe. Tukaambiwa tukae. Tulikaa juani mpaka mkubwa wao alipotuchoka. Upepo wa kiangazi wa kwetu anaujua aliyezaliwa kwetu: unakausha mdomo mpaka unachanika, unakausha mboga kabla hujamaliza kuianika. Walipotuachia, jua lilikuwa limeshapita utosini. Tukaiokota kamba yetu kutoka juu ya jiwe, tukaingia mkuzani.

Kokoto ya thelathini niliiweka tukiwa bado upande huu wa korongo, chini ya mgunga. Kisima chetu kilikuwa mbele yetu, kamba mbili kutoka pale. Kilikuwa nje. Mume wangu alikaa chini akacheka mpaka machozi, na baba mkwe akasahau desturi akanitazama usoni.

"Tutachimba," alisema, na alikuwa anasema na mimi.

Tukapeleka salamu kwa baba mdogo kwamba asitutegemee. Jirani yangu alikuja kunisihi. Mumewe alikuwa ameshakwenda kule juu kwenye majabali. "Twendeni wote," alisema, "mambo ya Wazungu hayana mwenyewe." Nikamjibu kwa majivuno kwamba mume wangu amepima. Nilisema neno hilo kama mke wa mtemi.

Kuchimba kisima cha mchanga ni kugombana na mchanga. Unatoa kapu moja, makapu mawili yanaporomoka. Mume wangu na baba mkwe walikuwa chini, mimi juu nikivuta makapu, mtoto nimemlaza kivulini mwa ngozi. Tulichinja mbuzi wa mwisho kuwalisha ndugu wawili waliokuja kutusaidia. Tukala mbegu za uwele tulizoziweka kwa ajili ya kupanda, nami nilizisaga nikilia, maana anayekula mbegu anajua anachokifanya. Ng'ombe mweusi alipewa maji ya kukamua kutoka kwenye mchanga, kwa kata. Maziwa yake yakawa ya kufunika kiganja. Binti yangu aliacha kulia kwa sauti, akawa anafungua mdomo tu. Uzi wake nikaufupisha, nikatoa shanga, nikaufupisha tena. Kila shanga niliyoitoa niliifunga pembeni mwa nguo yangu, kwa sababu nilijiambia nitairudisha maji yakitoka.

Maji yakatoka. Nataka ieleweke kwamba yalitoka. Mume wangu alipiga kelele kutoka chini, na kapu lililofuata lilikuja zito, linachuruzika. Yalikuwa baridi na meupe, matamu, kama walivyosema wazee. Nilimlowesha mtoto midomo. Ng'ombe mweusi alikunywa mpaka tumbo likatoka, na sisi tukasimama kumtazama anavyokunywa kama watu walioalikwa karamu.

Hatukupata hata kumaliza kukijengea kingo. Mdachi alirudi kutoka magharibi, akasimama kwenye nguzo ya nne na darubini yake, akampungia mkono mtu wa nguzo. Mtu wa nguzo akaja akifuata mkuza. Akafika chini ya mgunga wetu, akapita. Mdachi akampungia aendelee. Akashuka korongoni, akapita kisima chetu, akatupa shikamoo, alikuwa kijana mwenye adabu, akapanda ng'ambo. Hapo Mdachi akainua mikono miwili. Nguzo ya tano ikasimikwa kamba moja kupita kisima.

Kamba moja tu! Nilimpigia kelele mkalimani, nikamshika kanzu, nikamwambia bwana wake amekosea, mume wangu amepima. Aliniondoa mikono taratibu. "Dada yangu," alisema, "darubini ya bwana inafika mbali kuliko kamba yenu." Baadaye ikaja seng'enge, na askari, na pampu. Kazi yetu yote ilikuwa imewachimbia wao. Sisi tuliruhusiwa maji kwa kazi: atakayebeba mawe ya tuta la reli siku nzima atapewa kibuyu kimoja jioni. Mume wangu akaenda kubeba mawe, akawa analeta nyumbani maji ya kisima cha babu yake mwenyewe, kibuyu kimoja.

Jambo lile lilimnyima usingizi. Alirudia hesabu vumbini mpaka uwanja mzima ukajaa maumbo ya pembe tano, nikawa nayakanyaga nikienda jikoni. Mwisho akaitwaa ile kamba, kavu, imekakamaa, akaniita tukaenda kupima upya kutoka nguzo ya tatu hadi ya nne. Kokoto hazikuwa arobaini tena. Zilikuwa arobaini na nne. Nane imekuwa arobaini na nne. Sita basi inakuwa thelathini na tatu. Na kisima kilikuwa kamba ya thelathini na mbili. Nguzo ya Mdachi ilikuwa pale pale hesabu ilipotaka iwe.

Alikaa chini ameikumbatia kamba. Asubuhi ile ilikuwa imelowa, ndefu. Alasiri, tukiwa mkuzani, jua na upepo vilikuwa vimeshairudisha. Tulipima upande mmoja kwa kamba moja na upande wa pili kwa kamba nyingine, na zote zilikuwa kamba yetu.

"Nani hupima kwa kamba kavu?" baba mkwe alisema alipoambiwa. Alilisema mara nyingi, hata akiwa peke yake zizini. Hakuna mtu kwetu ambaye angefanya vingine. Lakini mimi nilikuwa nawaza nusu kile kibuyu. Kamba ilikunywa maji ya mwanangu, na kwa maji hayo ikarefuka.

Kwa baba mdogo walipata maji. Walitupa ya kunywa. Hawakutupa ya ng'ombe, na sikuwalaumu, niliwachukia tu. Ng'ombe mweusi akalala siku moja asiinuke.

Kambi ya vibarua ilikuwa na soko, na watu wa Kondoa walikuwa wakishuka kutoka milimani kuuza tumbaku na asali. Nilikwenda pale kuomba maziwa, sina aibu tena. Mwanamke mmoja wa Busi, kijiji cha huko Kondoa, aliyekuja na mumewe, alikuwa ameketi kando, ushungi wake umelowa kifuani. Alikuwa amezika mtoto mchanga kabla tu ya safari. Mumewe hakutaka kumwacha nyumbani peke yake na huzuni. Alimtazama binti yangu, akanitazama mimi, akanyoosha mikono. Nikampa. Mtoto alinyonya mpaka akapaliwa, akakohoa, akarudi tena kwa pupa, na yule mwanamke akawa analia na mimi nalia, kila mtu na lake.

Walikaa sokoni siku chache. Kila siku nilimpeleka. Walipofunga mizigo, nilijua kabla hajasema.

"Dada, huyu ukibaki naye atakufa," aliniambia. "Kwetu kuna chemchemi, na mimi maziwa ninayo. Nimeshamnyonyesha, kwa dini yetu ameshakuwa mwanangu. Lakini ni wako. Mvua zikija, njoo umchukue, nitakupa kwa mkono wangu."

Mume wangu alikuwa kwenye mawe. Sikumngoja. Nilimfungua mtoto uzi wa kiunoni, ambao ulishakuwa unamwanguka mapajani, nikaubakiza mkononi, nikampa mwanamke wa Busi mtoto mtupu. Nilitaka kubaki na kitu kilichomgusa. Nilipofika nyumbani nilirudisha shanga zote nilizozitoa, zikafika hamsini tena.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa za kudanganya. Na za mwaka wa pili. Njia ya Kondoa ilikuwa ndefu, na sikuwa na cha kumlisha nikimleta. Wasafiri wa njia hiyo walisema yu hai, anatembea, anasema Kirangi, lugha ya huko. Gari moshi lilifika, likanywa kisimani kwetu, likapiga honi. Mtoto wa jirani alikua mbele ya macho yangu, na kwa hilo niliteseka kuliko kwa njaa. Ndipo nikaanza wazimu wangu. Kila baada ya mavuno nilimwita mtoto wa jirani, nikampima kiuno kwa shanga. Nilijua walipoanza: wake sitini, wangu hamsini. Kwa kila shanga sita za yule, wangu alikuwa na tano. Basi nikagawanya kwa sita, nikachukua tano, nikamtungia mwanangu uzi wa mwaka ule.

"Watoto si vijiti vya mkalimani," mume wangu alisema aliponiona. "Hawakui pande zote kwa kiasi kimoja."

"Nyamaza," nilimwambia. "Hesabu yako ilinichukulia mtoto. Inirudishie japo kiuno chake."

Uzi wa kila mwaka niliufungua na kuutunga upya, mrefu zaidi.

Mwaka mvua zilipokuja za kweli, mtoto wa jirani alienea shanga mia na nane. Nikatunga tisini. Tulikuwa na uwele ghalani na mbuzi jike wawili, na nilimwambia mume wangu nakwenda kumchukua mtoto. Alikataa kufuatana nami. "Nitamtazamaje?" aliuliza. Nikafuatana na wachuuzi wa chumvi mpaka Busi.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, na migomba nyuma. Yule mwanamke alinijua kabla sijafika uani. Alinikaribisha, akasita, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha nguo za mtoto, kimefungwa vizuri na kuwekwa karibu na mlango. Inaelekea alikuwa anakifunga na kukifungua kila masika, akinisubiri. Halafu akaita, na msichana akatoka mbio kwenye migomba, mikono ina udongo, akasimama mbele yangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," nilisema.

Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikafungua uzi wangu wa shanga nikamwambia nimemletea zawadi. Alimtazama mama yake, yule mama akatikisa kichwa kukubali, naye akainua kigauni chake. Kiunoni alikuwa na uzi mwingine, wa shanga za buluu. Nikamfunga wa kwangu juu yake. Fundo lilikataa mara mbili. Ulimwenea. Haukubana wala haukucheza. Nyuzi mbili zililala sambamba juu ya ngozi ya mwanangu na hazikupishana hata kwa shanga moja. Mimi nilikipata kiuno kile kwa miaka ya kugawanya kwa sita. Mwenzangu alikipata kwa kumwogesha kila jioni.

Mtoto alijizungusha, akakimbia, akamkumbatia yule mwanamke miguuni.

"Mama, ona! Zimenitosha!"

Mwanamke wa Busi alikuwa analia bila sauti. Aliinama akakichukua kile kifurushi, akaninyooshea kwa mikono miwili, kama alivyoahidi.

"Mchukue, dada," alisema. "Nilikuambia ni wako."

Nilikitazama kifurushi. Nikamwambia akirudishe ndani, nimekuja kusalimia tu. Nililala kwao, na kulipokucha alinijazia kibuyu maji ya chemchemi yao, nikashuka nayo mlima.